Gauni Lililonitangulia Gitega

Mwaka huu, mvua zikiwa bado hazijakatika, nilisikia wimbo wangu ukiimbwa na watu nisiowajua. Ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja hapa Muyinga. Nilikuwa nimetandaza vitenge vyangu juu ya turubai kando ya uzio, maana penye tamasha wanawake hununua hata kile ambacho hawakukusudia. Kundi la vijana kutoka Gitega likapanda jukwaani, wasichana kwa wavulana, wakafumba macho, wakaanza polepole kama watu waliobeba jeneza: “Mwenye nguo hajui, mwenye mgongo anajua. Sabuni imekwisha, povu limebaki.” Mkono wangu uliokuwa ukipima kitambaa ulibaki hewani. Mteja akaniuliza kama naumwa. Wimbo ule niliutunga mimi, katika mwaka mmoja wa ujana wangu, nyuma ya nyumba kubwa ya Gitega, na sikuwahi kumfundisha mtu yeyote. Walipomaliza niliacha bidhaa zangu bila mlinzi, jambo ambalo silifanyi, nikamfuata msichana aliyekuwa akiongoza. Nikamuuliza wameutoa wapi. “Ni wimbo wa nyumba yetu, mama,” akasema. “Kule ku kituo tunauimbaga kila tukianza mazoezi. Ni wa marehemu.” Nikauliza marehemu yupi. Akaweka mkono kifuani kwa heshima. “Marehemu Odeta.” Odeta ni mimi. Neno pekee lililonijia, najua ni la ajabu, lilikuwa, “Poleni sana.”

Usiku ule sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa tayari kwenye gari la Gitega. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeishi Ngara, Kigoma, Uvira, Bukavu, Bujumbura, na kila nilipokaa nilikuwa nakumbuka mahali pa kabla yake. Lakini Gitega nilikuwa nimeikwepa. Nilipopita kwenda kwingine niligeuza uso upande wa pili wa barabara, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mchumba aliyemkataa. Sasa nilikuwa naelekea huko mwenyewe, na kichwani nilikuwa na swali moja tu ambalo sikuweza hata kulipanga vizuri: mtu anakufaje bila kuambiwa?

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo nilipoingia mara ya kwanza katika nyumba ya Mama Dafroza. Nilikuwa nimemaliza sekondari kambini Tanzania, nimerudi nchini na Kiswahili kirefu na Kirundi kilichochakaa, na shangazi yangu, fundi cherehani wa Gashoho, karibu na Muyinga, alisikia kwamba kuna mjane Gitega anayetafuta msichana wa kukaa naye. Sikuwahi kuona nyumba ya namna ile. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na baraza lenye matao lililozunguka pande tatu, sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta mpaka ukaona kidevu chako, dari ya matete yaliyosukwa, na chumba cha kulia chakula ambacho meza yake ilikuwa ndefu kuliko nyumba ya shangazi. Ghala la nyuma lilikuwa tupu, lakini ukifungua mlango harufu ya kahawa ilikujia usoni, kwa sababu Mzee Ferdinandi, mwenye nyumba, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Nilifika majuma machache baada ya kuzikwa kwake. Nyumba nzima ilikuwa na watu watatu tu: Mama Dafroza, binti yake Jenerosa, na mimi. Tulikula kwenye ncha moja ya meza ile, kama ndege waliotua kwenye tawi kubwa mno, maharage na ndizi za kupika, siku nyingine sombe, majani ya muhogo, na Mama aliacha wazi viti viwili kila siku. Kimoja cha mumewe. Kingine cha Venansi, mwanawe wa mwisho, aliyeondoka nyumbani miaka mingi kabla na hakuna aliyejua aliko.

Kwetu msiba una milango miwili. Wa kwanza hufungwa siku chache baada ya mazishi, watu wanakunywa kidogo na kutawanyika. Wa pili ni kuganduka, ambao huja baada ya mwaka au zaidi. Siku hiyo jamaa wote hukutana, mtungi wa pombe ya mtama huwekwa katikati, maneno ya mwisho kuhusu marehemu na mali yake husemwa mbele ya watu, na walio hai huruhusiwa kuendelea na maisha. Kati ya milango hiyo miwili nyumba hukaa kimya, na hakuna nyumba iliyokaa kimya kama ile. Mama alifunga madirisha ya mbao ya upande wa nyuma. Redio ilifunikwa kitambaa cheupe, kikafunuliwa jioni tu kwa ajili ya habari, na Jenerosa alikuwa amejifunza kugeuza kitufe na kuiwasha mara tu muziki wa kufungulia unapokwisha, asiruhusu hata tone moja lipite. Kuimba kulikatazwa kabisa. Nilitoka kambini ambako tulikuwa na kwaya nne na kelele mchana kutwa. Siku ya kwanza niliimba nikipepeta mchele, Mama akaja mlangoni, akaweka kidole mdomoni. “Humu bado hatujaganduka, mwana wanje,” akasema, yaani mwanangu. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayekuonya kwamba sakafu imelowa.

Basi niliimba nje, kwenye jiwe la kufulia chini ya mparachichi, nikijua madirisha ya nyuma yamefungwa. Na nilikuwa na sababu ya kuimba, kwa kuwa Jenerosa alinichosha. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrembo na mwenye ulimi mkali, akaniita Mtanzania tangu nilipoweka mfuko wangu chini. “We Mtanzania, kule kambini mlikuwa mnafuaga na udongo?” Hata msibani alibadilisha nguo mara tatu kwa siku: nyeusi ya asubuhi, nyeusi ya mchana, na nyeusi ya jioni, na zote zilikuja kwenye jiwe langu. Ndipo nikatunga ule wimbo. Ulikuwa wimbo wa mbio, wa kupigia nguo, kila neno pigo moja: mwenye nguo, pa, hajui, pa, mwenye mgongo, pa, anajua. Nilicheka peke yangu nikiuimba. Ulikuwa matusi, kusema kweli, tena matusi ya furaha.

Siku za mvua, nikiwa jikoni, niliwasikia wakibishana chumba cha kulia. Jenerosa alitaka waganduke haraka. Nyumba ni kubwa kuliko sisi, alisema, tugawane, tuuze, kila mtu apumue. Mama alijibu neno lile lile kila mara. “Na Venansi?” Jenerosa akasema Venansi anajua njia ya kwao. “Mtu hagawani chungu mtoto mmoja akiwa bado njiani,” Mama akasema, na ikawa mwisho wa mazungumzo mpaka mvua nyingine. Nyumba yote ilimngoja huyo mtu. Hata mimi, ambaye sikuwahi kumwona, nilijikuta nikitazama lango nikisikia baiskeli.

Aliyekuja siku moja asubuhi alikuwa mwanamume mzee kidogo, viatu vimejaa vumbi. Mama alimkaribisha barazani, Jenerosa akaleta kibuyu na mrija, kwa sababu mgeni hasemi kilichomleta kabla hajalowesha koo. Yule mtu akaushika mrija, akautazama, akaurudisha taratibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani. Niliona Jenerosa akikaa chini sakafuni palepale, na nguo yake nyeusi ya asubuhi. Sikuelewa. Baadaye Mama ndiye aliyenifundisha: anayekuja na kifo hanywi kabla hajakitua. Yule mtu akasafisha koo. “Mama, Venansi ni mgonjwa,” akasema. Kwetu hakuna mtu mwenye adabu anayesema fulani amekufa. Mama Dafroza akavua kilemba chake, akakikunja juu ya magoti, na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Amezikwa wapi?”

Mpaka leo sijasikia swali lililonitisha kama lile. Baada ya hapo hakukuwa na wa kungojwa, na siku ya kuganduka ikapangwa, ya baba na mwana pamoja. Mama alinunua kitenge cha buluu chenye ndege weupe, akakata vipande vitatu. Cha kwake, cha Jenerosa, na cha tatu akaniwekea mikononi. “Siku ile watoto wa nyumba watavaa kitambaa kimoja,” akasema. Jenerosa alinitazama, nikangoja sumu yake. Akasema tu, “Mwambie shangazi yako anitengenezee kiuno vizuri, usije ukaniharibia nguo kama unavyoziharibuga kwa jiwe.” Nikapanda gari kwenda Gashoho na vitambaa vile mapajani, na sijawahi kusafiri na mzigo ulionifurahisha hivyo.

Shangazi alishona yote matatu. Kisha malaria ikanilaza. Siku ya kuganduka ilikuwa inakaribia na mimi siwezi kusimama, ndipo tukampata Papa Eliya, Mkongo wa Kivu aliyeuza nguo kuukuu kwenye masoko yetu, mtu mwema, aliyeokoka karibuni na mwenye kuhubiri mpaka kwa wateja. Alikuwa anakwenda Gitega. Nikampa mfuko wenye magauni yote matatu. Langu nalo nililiweka, kwa kuwa niliona nikipata nafuu nitasafiri mwepesi na kulikuta limepigwa pasi. Nikamwambia amwambie Mama kwamba naumwa, nitakuja, na gauni langu linisubiri. Jioni yake homa ikapanda, shangazi akafunga nyumba, akanipeleka hospitali Muyinga. Tulipotoka, baada ya siku nyingi, Papa Eliya alikuja kutusalimu akiwa na uso wa mtu aliyetukanwa. “Ule mama hakunipokea,” akasema. “Nilimupa mfuko, akatosha manguo mu mfuko moja moja, akafika kwa yako. Kisha akasimama, akaingia mu nyumba, akafunga mulango. Hata neno sikumaliza. Mi nikabakia pale inje, na gari ilikuwa inaondoka.” Nilimuuliza mara ngapi sijui. Alifunga mlango? Alifunga. Hakusema kitu juu yangu? Hakusema. Nikajua, au nikadhani najua, kwamba Jenerosa alikuwa amefanya kazi yake, na kwamba kitambaa cha watoto wa nyumba kilikuwa kimenipita mkononi tu. Kabla mvua hazijaanza nilikuwa Ngara. Maisha yangu ya kuhamahama yalianzia pale, kwenye mlango uliofungwa mbele ya mtu mwingine.

Pikipiki ilinishusha mbele ya lango lile lile, lakini sikulitambua. Gitega sasa ni mji wa wizara, kila kona ina bendera na magari meupe, na nilikuwa najiandaa kuikuta nyumba imekuwa ofisi. Badala yake nilikuta matao yote ya baraza yamepakwa rangi, kila tao na mkono wa mchoraji wake, moja samaki, moja majani ya mgomba, moja midomo mikubwa inayocheka. Madirisha yote yalikuwa wazi. Kwenye ghala la kahawa watoto walikuwa wakichora wamelala matumbo. Juu ya meza ndefu ya kulia chakula, meza ambayo tulikuwa tunaogopa kuiwekea glasi bila kitambaa, vijana wawili walikuwa wamesimama na viatu, wakicheza. Nikataka kuwafokea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nikaona ukuta nyuma yao. Kulikuwa na kofia ya Mzee Ferdinandi kwenye msumari. Kulikuwa na picha ya kijana mwenye masikio makubwa, nikajua ni Venansi. Na kwenye msumari wa tatu, limefifia mabegani ambapo jua la dirishani lilikuwa linaligonga, kulikuwa na gauni la buluu lenye ndege weupe, na chini yake jina langu, limeandikwa kwa herufi za rangi na mtoto aliyejitahidi. Sikuwa nimewahi kupigwa picha katika nyumba ile. Walikuwa wametundika walichokuwa nacho.

“Unatafuta nani?” sauti ikauliza nyuma yangu. Niligeuka. Jenerosa alikuwa amenenepa, ana miwani iliyoning'inia shingoni, na gauni jeusi. Aliniangalia miguu kwanza, halafu uso, halafu miguu tena. Akanikaribia, akanibonyeza mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu ndizi sokoni. “Mtanzania,” akasema, kwa sauti ya chini sana. “Weye tulishaganduka juu yako.” Vijana wakashuka mezani bila kuambiwa. Nikasema, “Mama yuko?” Akavuta kiti, akanikalisha, akakaa mbele yangu, na akachukua muda kuweka miwani yake vizuri. “Mama iko mgonjwa,” akasema. Nilijua adabu ya nyumba ile. Nikauliza, “Amezikwa wapi?” Akanionyesha kwa kidevu upande wa kanisa. Mwaka wake ulikuwa bado haujaisha. Ndiyo maana ya gauni jeusi. Nikasema, “Na kelele hizi zote?” Akasema Mama mwenyewe alikataza kimya. “Alisema kimya cha nyumba hii alishakilipa chote.”

Akanieleza, na mimi nikamwacha aeleze mpaka mwisho. Mkongo mmoja alikuja na mfuko. Wakamletea pombe, akausukuma mrija. Akasema tu, nimetumwa kutoka Gashoho, yule dada ni mgonjwa. Mama akatoa magauni, na la tatu lilikuwa la Odeta. “Nani anarudishaga nguo ya mtu iko hai?” Jenerosa akaniuliza, kana kwamba nilikuwa na jibu. “Nilimungojea Mama aulize. Hakuuliza. Alisema alishaulizaga mara moja, hawezi mara mbili. Akaingia, akafunga.” Walimtuma mtu Gashoho kwenye mazishi, akakuta nyumba imefungwa, jirani akamwambia wamepelekwa hospitali na hawajarudi. Siku ya kuganduka walivaa kitambaa kimoja wawili, na gauni la tatu likakalishwa kwenye kiti. Walipofika kwenye urithi, watu wakijua kwamba mimi sikuwa na kitu cha kurithisha, Mama alisimama. Alisema, mtoto huyu nilimkataza kuimba humu mwaka mzima, akaenda kuimba kwenye jiwe, na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha kila siku, nasikiliza. Chumba hiki cha kulia ni fungu lake. Nani anataka kuimba, aje aimbe. Jumapili ile wakaja watoto wa majirani. “Nilikasirika mpaka nikaumwa,” Jenerosa akasema. “Nilitaka kuuza. Lakini neno la kuganduka huwezi kulirudisha. Walipokuwa wengi tukafungua na ghala. Mama alipofika mwisho, jamaa wote walikuja tukakubaliana, nyumba ikakuwa ya watu.”

Nilikaa na mikono magotini. Nilikuwa namfikiria Papa Eliya, aliyeokoka, ambaye asingegusa pombe hata angeletewa na gavana, amesimama pale barazani na ujumbe wangu mdomoni. Nilifikiria mlango uliofungwa, ambao nilikuwa nimeubeba mgongoni kutoka mji mpaka mji. Ulikuwa umefungwa kwa ajili ya kunililia. Nilipomwambia Jenerosa kuhusu Papa Eliya midomo ilimchezacheza, sikujua kama ni kicheko au nini. “Mulokole,” akasema mwishowe. “Tumemulilia mtu juu ya mulokole.”

Vijana walikuwa wamejazana mlangoni, na yule msichana niliyekutana naye Muyinga yuko mbele, amejishika kichwa. Aliniuliza kwa woga kama ni kweli wimbo ni wangu, na kama wanauimba sawa. Nikamwambia mnauimba vizuri, lakini mnauimba kama mazishi. Nikapiga meza kwa viganja, nikauimba kwa mwendo wake, pa, pa, kama nguo juu ya jiwe, na mwishoni nikaweka mstari ambao Mama hakuwafundisha: “Asubuhi nyeusi, mchana nyeusi, jioni nyeusi, Jenerosa, nihurumie.” Jenerosa akanitazama juu ya miwani. “Kumbe ulikuwa unanisema mimi,” akasema. “Miaka yote hii nalia ku wimbo wa kunitukana.” Vijana wakavunjika kwa kicheko, na yeye akawa wa mwisho kucheka na wa mwisho kunyamaza.

Ndipo akaondoka, akarudi na kibuyu kikubwa na mrija mmoja. Akakiweka mezani mbele yangu. Wote walikuwa wanajua kitu ambacho nilikuwa nimejifunza katika baraza lile, na wote walikuwa wanautazama mkono wangu. Pombe niliiacha zamani kwa sababu ya tumbo, na daktari mmoja wa Uvira alinikanya nisiijaribu tena. Nikaushika mrija. Nikainama, nikavuta, nikameza, mtama mchachu na wa baridi, nikavuta tena ili wasiwe na shaka. Jenerosa akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua ndoo.

“Haya,” akasema. “Sasa sema kilichokuleta.”

Nikalitazama gauni la buluu pale ukutani, kiuno chake chembamba ambacho sasa kisingenipita hata mkono. “Nimetumwa kutoka Gashoho,” nikasema. “Odeta ana malaria, atakuja. Anasema gauni lake limsubiri.”